Kila saa ya jua ina ukuta wake

Mwaka 263 kabla ya Kristo, katika vita vya kwanza kati ya Roma na Karthago, konsuli Valerius Messalla aliuteka mji wa Catania kisiwani Sicilia, na katika ngawira alizorudi nazo nyumbani mlikuwa na saa ya jua. Ikasimamishwa juu ya nguzo karibu na jukwaa la wahutubu, mahali ambapo Roma nzima ilikuwa ikipita. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyetuhifadhia habari hii, anasema mistari ya saa ile haikupatana na saa za Roma, na hata hivyo watu waliifuata kwa miaka 99, mpaka Marcius Philippus alipoweka kando yake nyingine iliyopimwa vizuri zaidi.

Wanaosimulia kisa hiki aghalabu huwacheka Warumi. Mimi humwonea huruma fundi wa Catania. Kazi yake ilikuwa safi. Aliichonga saa yake kwa jua la kwao, na kama ingeachwa ilipokuwa ingeendelea kusema kweli kila siku yenye jua. Lakini Roma iko zaidi ya digrii 4 kaskazini mwa Catania, na adhuhuri jua la Roma husimama chini kidogo kuliko jua la Sicilia. Jiwe lilikuwa lilelile, mistari ileile, ila mbingu zilikuwa nyingine.

Nimekuwa nikizifuatilia saa za jua za misikiti, makanisa na vyuo vya kale kwa muda sasa, na kisa hicho hunirudia karibu kwenye kila jengo. Saa iliyochongwa ukutani ni hesabu ya ukuta ule peke yake: umbali wake kutoka ikweta, upande unaoutazama, hata namna ulivyoinama kidogo kwa uzee. Ukiubadili ukuta umeibadili hesabu. Wengi waliopewa kazi ya kukarabati majengo haya hawakulijua hilo, na ndiyo maana nyingi ya saa hizi leo ni mapambo tu.

Nieleze kwa ufupi zinavyofanya kazi, maana mengine yote yanategemea hapo. Chukua ukuta unaotazama kusini, katika mji ulio digrii 52 kaskazini mwa ikweta. Kijiti cha chuma kinachotoa kivuli huchomekwa kikiwa sambamba na mhimili wa dunia, na katika mji huo kitatoka ukutani kwa pembe ya digrii 38. Kikikaa hivyo, kivuli cha saa nne asubuhi huangukia mstari mmoja Januari na Julai, ingawa urefu wake hubadilika. Asubuhi kivuli huwa upande wa kushoto, adhuhuri hushuka wima, alasiri hupanda kulia, yaani kinakwenda kinyume na mishale ya saa ya mkononi. Kusini mwa ikweta ukuta wenye jua ni ule wa kaskazini, na kivuli chake huzunguka upande mwingine. Tena ni kuta chache sana zinazotazama kusini kamili. Ukuta uliogeukia mashariki kidogo husongamanisha mistari ya asubuhi na kuitawanya ile ya alasiri. Ukiona saa ya jua ambayo mistari yake imekaa upande-upande, usidhani fundi alikuwa mzembe. Huenda ndiye aliyekuwa makini kuliko wote, kwa kuwa aliupima ukuta kama ulivyo.

Saa ninayoiheshimu kupita zote ilitengenezwa kwa ajili ya Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Ibn al-Shatir alikuwa mtunza nyakati wa msikiti huo, cheo kilichoitwa muwaqqit, na alikuwa mwanafalaki ambaye hesabu zake za mwendo wa sayari zinafanana kwa namna ya kushangaza na zile za Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya aliyekuja zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 1371 au 1372 alichonga bamba la marumaru lenye urefu wa kama mita 2 na upana wa mita 1, likawekwa kwenye mnara wa kaskazini, ule uitwao Mnara wa Bibi Harusi. Kijiti chake kilikuwa sambamba na mhimili wa dunia. Hatuna saa ya jua ya zamani zaidi iliyosalia yenye kijiti cha namna hiyo.

Kwa nini msikiti ulimhitaji mtu wa kiwango hicho? Kwa sababu kivuli kimo ndani ya sheria ya sala yenyewe. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapozidi kile kivuli chake cha adhuhuri kwa kiasi cha urefu wa kitu chenyewe, na kwa Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, kwa kiasi cha mara mbili ya urefu huo. Kipimo hicho hakitegemei mtambo wowote. Mtu na fimbo yake wanatosha. Lakini fimbo hukuambia kwamba wakati umeingia, haikuambii umebaki muda gani, na muadhini wa mji mkubwa anahitaji kujua mapema. Basi Ibn al-Shatir alilijaza bamba lake mistari: ya muda uliopita tangu jua kuchomoza, ya muda uliobaki hadi kuchwa, na mingine inayohusu isha na alfajiri. Tafakari hiyo ya mwisho. Isha na alfajiri ni nyakati ambazo jua halipo, na mtu huyu aliweza kuonyesha kwa kivuli cha mchana umbali uliobaki kuzifikia. Ustadi huo mpaka leo unanishangaza.

Katika karne ya 19 bamba hilo lilivunjika. Inaelezwa kwamba lilivunjika katika jaribio la kulirekebisha. Al-Tantawi, naye mtunza nyakati, alitengeneza nakala yake mwaka 1876 na kuiweka palepale mnarani. Vipande vya lile la asili viko katika makumbusho ya taifa ya Damascus. Kama ningelazimika kuchagua kimoja, ningekwenda mnarani kwanza. Vile vipande vimeguswa na mkono wa Ibn al-Shatir mwenyewe, sikatai, na nisingependa hata kimoja kipotee. Lakini nakala ya al-Tantawi inasimama kwenye jua lile ambalo hesabu ilifanywa kwa ajili yake, na hapo ndipo akili ya Ibn al-Shatir inapoonekana ikifanya kazi. Afadhali hivyo kuliko yaliyoupata Msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, ambao saa yake ya mwaka 1296 tunaijua kupitia michoro tu ya wanazuoni waliofuatana na jeshi la Napoleon.

Kwenye makanisa ya kale ya Uingereza mambo yalianza kwa unyonge zaidi. Karibu na mlango wa kusini wa makanisa mengi ya zama za kati kuna tundu dogo kwenye jiwe, na kutoka kwenye tundu hilo mistari michache iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma. Padri alichomeka kijiti, akatazama kivuli, akajua kama muda wa ibada umefika. Kwa kuwa kijiti kilitoka ukutani moja kwa moja bila kufuata mhimili wa dunia, saa hizi hazikuwa na usahihi wa kujivunia. Zilitosha kuonyesha takriban saa tatu, saa sita na saa tisa, nyakati za sala. Leo utazikuta pengine zimegeuzwa juu chini, kwa sababu ukuta ulipojengwa upya mwashi alilichukua jiwe kama jiwe jingine lolote. Nyingine zimo ndani ya baraza zilizoongezwa baadaye, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Wengi hupita bila kuziona. Kwangu ni maandishi ya mtu wa kijiji aliyekuwa na wajibu mmoja kila siku na akajitahidi kuutimiza.

Katikati ya hizo nyonge na zile za kitaalamu kuna moja ambayo ningetaka kila mtu aijue, ya kanisa la Mtakatifu Gregory huko Kirkdale, Yorkshire. Iko juu ya mlango wa kusini, kwenye jiwe lenye urefu unaozidi mita 2, na pande zake mbili zimejaa maandishi ya Kiingereza cha kale. Yanasema kwamba Orm mwana wa Gamal alilinunua kanisa hilo lilipokuwa limebomoka na kuanguka, akalijenga upya kutoka chini, katika siku za mfalme Edward na za Tosti aliyekuwa gavana. Tosti alitawala eneo hilo kati ya mwaka 1055 na 1065, na kwa hiyo jengo linajitajia umri wake lenyewe. Saa yenyewe iko katikati, nusu duara ambayo mistari yake mikuu inaukata mchana vipande vinne, kila kipande kikagawanywa tena mara mbili. Hawakuwa na saa kumi na mbili. Waliugawa usiku na mchana mafungu manane, na nusu duara ile inabeba yale manne ya mchana. Chini yake yapo majina ya Haward aliyeitengeneza na Brand aliyekuwa padri. Ni mara chache sana jengo la umri huo kututajia kwa pamoja aliyelipia, aliyechonga na aliyelitumikia.

Na saa hii haionyeshi tena wakati. Baraza lililojengwa mbele ya mlango linaikinga na mvua, na bila shaka ndilo lililoyafanya maandishi yasomeke vizuri namna hii, lakini linaikinga na jua pia. Sijui kulichukia baraza hilo. Bila hilo huenda mvua ya Yorkshire ingekwisha kuyala majina ya Haward na Brand. Ila nikilifikiria jiwe lile, lililoandikwa kwamba linaonyesha jua kila wakati wa siku, likiwa kivulini mwaka mzima, naona gharama iliyolipwa.

Kule Chartres, Ufaransa, pembeni mwa kanisa kuu, kuna malaika wa karne ya 12 aliyeshika saa ya jua kifuani, lakini saa yenyewe ina tarehe ya 1578. Mtu alitazama sanamu iliyokuwa imesimama pale kwa miaka mia nne, akaona kwamba mikono ile na upande ule vinafaa. Kwa maoni yangu huo ndio ukarabati wa busara: alianza na mahali.

Vyuo vikuu vilirithi kazi hii kutoka makanisani, na huko hesabu ikawa tamasha. Chuo cha Corpus Christi, Oxford, kina nguzo ya karne ya 16 katikati ya ua, yenye ndege mwari juu yake na saa za jua 27 zilizotazama kila upande. Hata hivyo iliyonivutia zaidi ni ya Queens' College, Cambridge, iliyopakwa ukutani kwa rangi. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1642 na hii tunayoiona ilipakwa mwaka 1733. Wageni huambiwa ni kazi ya Isaac Newton. Haiwezekani: Newton alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1642 kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, akasoma chuo kingine, na mwaka 1733 alikuwa amekwisha kufa miaka sita. Jina kubwa limemfunika fundi halisi.

Kwenye kijiti cha Queens' kuna kitufe kidogo cha dhahabu. Kivuli cha kijiti husoma saa. Kivuli cha kitufe husoma majira. Kikitembea juu ya mikunjo ya rangi iliyochorwa ukutani, hukuonyesha jua liko katika buruji gani, yaani kundi gani la nyota, siku ile lilichomoza saa ngapi, na mchana una urefu gani. Chini kabisa kuna safu za tarakimu, na hizo ni za usiku. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi hukaa mkabala na jua, hivyo kivuli chake huangukia karibu na mstari sahihi wa saa. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa takriban dakika 50, na tarakimu zile zinakupa cha kuongeza au kupunguza kulingana na umri wa mwezi. Rangi za ukutani huchakaa, na saa hii imepakwa upya mara kadhaa. Mpakaji wa kazi hiyo inabidi aelewe hesabu anayoifuata kwa brashi yake, maana mstari ukisogea kwa upana wa kidole, kivuli kinakosea kwa dakika nyingi.

Newton mwenyewe aliacha saa ya jua. Kanisa la Colsterworth, karibu na alipozaliwa, linalo jiwe ambalo inasemekana alilichonga akiwa mtoto wa miaka tisa. Limewekwa ndani ya kanisa, kwa usalama wake. Jua haliligusi.

Lakini kuhamisha si lazima kuwe kuua. All Souls College, Oxford, ilipata mwaka 1658 saa ya jua yenye hata alama za dakika, ambayo huhusishwa na msanifu majengo Christopher Wren, wakati huo mwanachuoni wa hapo. Ilikuwa kwenye ukuta wa kanisa la chuo. Mwaka 1877 ikahamishiwa kwenye maktaba, na bado inasoma vizuri, kwa kuwa ukuta mpya unatazama upande uleule na umbali ni wa kuvuka ua. Chini yake yapo maneno ya Kilatini kwamba saa zinapita na zinahesabiwa juu yetu.

Kuna wakati jengo zima lilifanywa chombo cha jua, na hapo suala la mahali likawa kali kuliko popote. Kanisa lilihitaji kujua siku halisi ambayo usiku na mchana vinalingana, kwa kuwa Pasaka inategemea siku hiyo. Mtawa Egnazio Danti alifunga vyombo vya jua kwenye uso wa kanisa la Santa Maria Novella, Florence, kati ya 1572 na 1574, navyo vilionyesha wazi jinsi kalenda ilivyoachana na mbingu. Mwaka 1582 kalenda ikarekebishwa, na siku ya tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na tarehe 15. Mwaka 1655 Giovanni Domenico Cassini alichora ndani ya San Petronio, Bologna, mstari wa adhuhuri wenye urefu wa karibu mita 67. Kitundu kilichotobolewa kimo cha mita 27 huingiza mwale, na duara la nuru hukatiza mstari huo kila adhuhuri. Kwa kupima duara hilo linavyopanuka na kusinyaa katika mwaka, Cassini alipata ushahidi uliounga mkono hesabu ya mwanafalaki Kepler juu ya umbali kati ya dunia na jua. Hayo yalifanyika kanisani, miaka 22 tu baada ya Kanisa kumhukumu Galileo kwa kushikilia kwamba dunia hulizunguka jua.

Ila sakafu hutitia na kuta hutulia. Mstari wa Bologna ilibidi usawazishwe upya mwaka 1695. Francesco Bianchini alipotafuta mahali pa mstari wa Roma, alichagua Santa Maria degli Angeli, kanisa lililojengwa ndani ya mabafu ya mfalme Diocletian, kwa sababu kuta zile zilikuwa zimekwisha kukaa zaidi ya miaka elfu moja na hazikutarajiwa kusogea tena. Mstari wake ulizinduliwa mwaka 1702, na saa za Roma zikarekebishwa kwa huo hadi mwaka 1846.

Huwa naudhika kidogo nikisikia mtu akilinganisha saa ya jua na simu yake, kisha aseme ile ya ukutani inakosea. Mwanzoni mwa Novemba kivuli hutangulia kwa kama dakika 16, katikati ya Februari huchelewa kwa kama dakika 14, kwa kuwa njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Ongeza hapo dakika 4 kwa kila digrii moja ya kwenda mashariki au magharibi. Oxford iko magharibi mwa Greenwich kwa digrii moja na robo hivi, na kengele kubwa ya Christ Church bado hupigwa mara 101 kila saa tatu na dakika tano usiku, ambayo kwa wakati wa Oxford ni saa tatu kamili. Sheria ya 1880 iliipa nchi nzima wakati wa Greenwich, lakini jua la Oxford halikubadilika. Simu hukupa wakati uliokubaliwa na nchi. Ukuta hukupa wakati wa pale uliposimama.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanaosimamia majengo haya. Usiruhusu tundu dogo la ukutani lizibwe kabla hujajua lilikuwa la nini. Kijiti kilichopinda kisinyooshwe kwa nyundo, wala kisibadilishwe kwa nondo iliyokatwa kwa kukisia. Pembe yake hukokotolewa kutokana na latitudo na upande wa ukuta, na anayejua hesabu hiyo atakufanyia kwa muda mfupi. Kabla chokaa haijapakwa kwenye ukuta wa jua, nenda usiku na tochi, uulaze mwanga wake ukutani kutokea pembeni: mikwaruzo isiyoonekana mchana hujitokeza. Ukiikuta, rudi siku yenye jua, piga picha adhuhuri ya pale, uandike tarehe, saa na upande ukuta unaotazama. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na michoro ya jengo, ili fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini aikute.